Watani wa Rijeka

Simu ya Vero ilinikuta shambani Maneromango, nimeinama kwenye tuta la mihogo, jembe mkononi. Aliniamkia kwanza, kama baba yake alivyomfundisha. "Shikamoo, baba mdogo." Nikaitika marahaba, na kabla sijauliza habari za nyumbani nikawa nimeshajua, maana sauti ya mtu aliyelia haifichiki. Baba yake, Maganga, amefariki. Alilala vizuri tu, asubuhi hakuamka. Nikakaa chini palepale kwenye udongo, tukalia wote wawili, yeye kwao Sofu kule Kibaha, mimi na mihogo yangu. Halafu akapenga kamasi, akasema jambo lililoniinua nikasimama wima na magoti yangu haya mabovu. "Baba mdogo, kuna kitu nakuomba, na usinielewe vibaya. Yale mambo ya utani, safari hii tusiyaweke. Watakuja watu wa ofisini kwangu, kuna MC, ratiba imebana. Wengine hawaelewi, wataona fujo." Nikamjibu, "Tutaonana, mwanangu," jibu la mtu mzima asiyetaka kusema uongo na asiyetaka kusema ukweli.

Lakini moyoni nilikuwa nimevimba. Mnyamwezi azikwe bila Mzaramo kumzuia njiani? Kwani amekuwa gogo? Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, wenzetu walipokuwa wakitoka bara na mizigo kichwani, wakikatiza nchi yetu kwenda pwani. Mtani wako akifa, kazi yako si kulia peke yake. Unamsema marehemu, unakaa njiani jeneza lisipite, unadai fidia hata isiyo na maana, na waliofiwa wanacheka bila kupenda, na wakishacheka wanapata pumzi ya kuzika. Hiyo ndiyo heshima yenyewe. Na Maganga alistahili heshima hiyo kuliko Mnyamwezi yeyote ninayemjua, kwa sababu mimi na yeye tuliwahi kuupeleka utani mahali ambako haukuwa umewahi kukanyaga, nao ukafanya kazi. Tuliupeleka Rijeka.

Rijeka ni mji wa bandari katika Bahari ya Adriatiki, ule mkono wa Mediterania unaopanda kaskazini kama njia ya uani. Siku hizi uko Kroatia. Wakati wetu ulikuwa Yugoslavia, nchi ambayo haipo tena. Tulipelekwa vijana wawili kusomea ufundi wa kreni za bandari kwa mwaka mmoja. Tulifika mvua ikinyesha, na nikwambie, mvua ya Rijeka haina adabu: inanyesha kutoka juu, kutoka pembeni, na ukifungua mwavuli inanyesha kutoka chini. Mlima umeusukuma mji mpaka ukingoni mwa bahari, nyumba zimebebana mabegani, na ukitaka kwenda popote ni ngazi za mawe. Chini, bandarini, kulinukia mafuta, mbao mbichi na kahawa. Siku ya kwanza tu kazini nilisikia harufu nyingine nikasimama kama mbwa aliyeona chatu. Mkonge! Kamba za kufungia meli zilikuwa za mkonge, harufu ileile ya mashamba ya Kibaha. Maganga akaniita upande wa pili wa ghala, akanionyesha magunia ya kahawa yaliyoandikwa jina la nchi yetu. "Unaona," akasema, "mizigo imetangulia, Wanyamwezi tumefuata. Wewe Mzaramo hapa umefuata ngoma gani?"

Tulipangishiwa chumba kwa bibi mmoja mjane aitwaye Ersilia. Kule bibi wanamwita nona, basi na sisi tukamwita Nona mpaka mwisho wake. Alikuwa mfupi, mwenye mgongo ulionyooka na macho ya mtu anayekusubiri ukosee. Alipofungua mlango akatuona, vijana wawili weusi tumeloa chapachapa, mikono yake yote miwili ilipanda ikashika masikio, kisha akacheka kicheko kirefu. Tukaona alichoshika. Alivaa hereni za dhahabu, na kwenye kila hereni kulikuwa na kichwa cha mtu mweusi, kidogo kama punje ya choroko, kimefungwa kilemba cheupe. "Karibuni," akasema. "Katika nyumba hii nimewavaa tangu siku ya harusi yangu, leo ndiyo mnakuja kunisalimia?"

Nilikasirika, sifichi. Baadaye tukajua kwamba hereni zile ni za mji mzima. Wanawake wa pale huzivaa kwa ajili ya bahati, na wanazo hadithi zao: zamani Waturuki waliuvamia mji, wanawake wakaomba, mawe yakanyesha kutoka mbinguni yakawafunika maadui wote, vikabaki vilemba tu vimechungulia juu ya ardhi. Ndiyo maana sokoni wauza samaki walikuwa wakitugusa mkono wa koti, bandarini wapakuaji wakitupiga begani kabla ya kazi nzito, wote wakitafuta bahati. Maganga hakujali. Mimi nilikuwa nikivuta mkono. "Mimi si hirizi ya mtu," nikamwambia. Akanijibu, "Shukuru wewe umepata kazi ya masikioni. Ingekuwa mimi Mnyamwezi wangeniweka mgongoni."

Chumba chetu kilikuwa nyuma ya jiko la Nona, na jiko ndilo lilikuwa nyumba yenyewe: jiko la chuma la kuni, meza yenye kitambaa cha plastiki, dirisha linalotazama meli. Siku ya kwanza alimwaga kitu cha njano kwenye ubao, kikatulia, akakikata kwa uzi. Maganga aliinuka kwenye kiti. "Ugali! Kondo, bibi huyu anapika ugali!" Ulikuwa ugali wa mahindi ya njano, kwa mchuzi wa samaki wadogo kama dagaa. Tangu siku hiyo Mnyamwezi yule hakumtafuta mama mwingine. Mimi Nona alinifahamu kwa kukataa nyama ya nguruwe. Hakununa, alinikaangia mayai, akanibatiza "Mturuki." Kila nikichelewa mezani alipiga kelele kwenye korido: "Mturuki ametoka chini ya mawe? Chakula kinapoa!"

Sasa nieleze ukuta, maana hadithi yote iko kwenye ukuta. Ghorofa ile, ngazi ileile, mlango unaotazamana na wa Nona, aliishi mzee wa bandarini aliyestaafu, Barba Frane. Barba ni kama kusema mjomba, kwa wanaume wazee wa pwani ile. Nona na Barba Frane hawakusalimiana. Tangu Vita Kuu ya Pili iishe hawakuwahi kusalimiana. Usiku wa majira ya baridi kikohozi chake kilipita ukutani hadi jikoni kwetu, na Nona alikunja uso akasema, "Msikilizeni. Anakoholea kwenye viti vya dada yangu."

Habari yenyewe alitupa vipande vipande, akimenya viazi. Alizaliwa kwenye nyumba ileile, chumba kilekile tulichokuwa tukilala sisi. Alizaliwa chini ya Wahungari, waliojenga bandari. Wakaondoka. Akaja mwanaume mmoja mwenye maneno mengi na askari wengi, akautwaa mji kama mtu anayekaa kwenye kiti cha mwenzake sinema. Akafukuzwa. Mji ukawa nchi peke yake, ukiwa na stempu zake, kwa muda mfupi usiotosha mtoto kujifunza kusoma. Kisha wakaja Waitalia, na mto unaopita katikati ukawa mpaka: upande huu Italia, ng'ambo ya daraja Yugoslavia. Wakaja Wajerumani. Mwisho ikaja Yugoslavia yenyewe, ikavuka daraja ikachukua pande zote. Kila mwenye mji aliuita kwa lugha yake, na kila jina lilimaanisha kitu kimoja tu: mto. Watu wa Nona, waliosema Kiitalia cha pale mjini, wakaanza kufunga mizigo. Dada yake alikwenda Jenova na cherehani, akaacha viti, kabati na vyungu vya maua. Nyumba ile ikapewa mtu wa bandarini aliyetoka ng'ambo ya mto, naye ndiye Barba Frane. "Na wewe mbona hukwenda?" nikamuuliza Nona. Akaelekeza kisu dirishani. "Niende wapi? Nchi ndizo zinazohama. Mimi nipo jikoni kwangu."

Nimemkumbuka mara nyingi tangu nilipozeeka. Hapa Maneromango nimewajua wazee waliomwimbia Mjerumani nyimbo misheni, wakamlipia Mwingereza kodi, wakapandisha bendera ya Uhuru, na mahali pao pa kulala hapakusogea hata shubiri. Kwa hiyo Nona aliposema nchi zinahama, sikuhitaji mwalimu wa historia.

Kuna upepo kule unaitwa bura. Unashuka mlimani bila kubisha hodi, wenyewe wanafunga kamba barabarani watu wajishikilie. Siku moja bura ilitufungia ndani kutwa nzima, bandari imesimama, tukakaa jikoni watatu tukichoma viazi kwenye jivu. Nikaona leo nitasema. "Nona, hivyo vichwa masikioni mwako ni vyangu. Nani alikupa ruhusa?" Maganga aliacha kutafuna. Nona akaweka uma chini taratibu, akanitazama kuanzia utosini hadi kwenye soksi. "Vyako? Mturuki, mimi ningepewa nafasi ya kuchagua kichwa chako, ningechagua chenye masikio madogo." Kicheko kikanipasuka, Maganga akawa chini ya meza kabisa, na Nona akaendelea kula kiazi chake kama hakusema kitu.

Maganga ndiye aliyetoa hukumu. "Kondo, huyu ni mtani." Nikamwambia wewe una wazimu, utani wa Mzaramo na bibi wa Kizungu umetoka wapi? Akanitazama kwa huruma. "Utani wetu ulitoka wapi? Sisi tulipita njia yenu na mizigo. Mtu akipita kwako kila siku, lazima mpigane au mtaniane. Sasa tazama mji huu. Dunia nzima imepita njia ya bibi huyu. Nasi tumepita." Mpaka leo sijasikia mtu aliyeieleza bandari vizuri kuliko yule fundi wa kreni akiwa na masizi ya kiazi mdomoni. Mji wa bandari si maji na winchi. Ni watu waliozoea kupitiwa. Wakishindwa kucheka na wapitaji, wataishia kununiana ukutani maisha yao yote.

Tukamweleza Nona mambo ya utani kwa ile lugha yetu ya kuokoteza, nusu ya kazini, nusu ya jikoni. Alitaka kujua kila kitu. Mtani akioa mnafanya nini? Akiugua? Tulipofika kwenye misiba nikamwambia namna tunavyolizuia jeneza, tunavyomsema marehemu ubahili wake na ukoromaji wake. Akachochea moto. Kuni zikapukutika jikoni. "Mimi nikifa," akasema, "padri atasoma, watu wa jengo watasimama kwa adabu, nitashushwa kimya kama mzigo uliokosa mwenyewe. Wote walioweza kunisema kwa lugha yangu wameondoka. Hilo ndilo linaloniogopesha, kufa kwenyewe siogopi. Mturuki, utanizuia njiani?" Nikasema nitakuzuia. "Niahidi." Nikaahidi, nikadhani ni maneno ya siku ya baridi.

Mwezi wa pili Barba Frane alitugongea mlango, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Hakuingia. Alisimama ngazini na kofia mkononi, akaniambia mimi, si Nona: kijijini kwao mlimani kuna sherehe, tukitaka kwenda tuwe chini saa mbili asubuhi. Tukaenda. Looo! Wanaume wazima wamevaa ngozi za kondoo na mapembe, viunoni wamefunga kengele kubwa kama za ng'ombe wa Wamasai, wanatembea wakigonganisha makalio, kijiji hadi kijiji, mlio unatikisa tumbo. Wanafukuza baridi. Barba Frane, mzee wa kikohozi, alivaa kengele zake akawa kijana. Mwishoni wakaleta mtu wa majani, wakamsomea mashtaka ya mwaka mzima: mvua yake, bei yake ya kahawa, mke wa fulani aliyekimbia, vyote kosa lake. Watu walikuwa wanacheka mpaka machozi. Kisha wakamchoma, na wanawake wakamlilia kilio cha kuigiza, "Wewe uliyetuacha!" Maganga akanigonga kiwiko. "Unasikia? Hawa ni watu wa nyumbani."

Tuliporudi Nona alikuwa amenuna, chakula kimefunikwa. Tukala. Alivumilia hadi tulipomaliza mchuzi. "Mmemchoma?" Tumemchoma. "Walimsomea nini?" Tukamsimulia yote, naye akawa anatusahihisha, maana alipokuwa msichana alikuwa akipanda kuangalia. Kesho yake akakaanga vidonge vya unga vitamu, ndugu kabisa wa kalimati, akajaza sahani kubwa. "Hivi vimezidi," akasema akiangalia jiko. "Mkishiba, vitupeni popote." Popote palikuwa mlango wa pili. Barba Frane alipokea bila neno, na asubuhi sahani ikawa imewekwa mlangoni kwetu, imeoshwa, juu yake samaki wawili. Tangu hapo sahani ikawa inakwenda na kurudi. Salamu, hakuna. Nona akisikia kikohozi bado alisema viti, viti vya dada yangu.

Nona aliugua kifua mwishoni mwa kiangazi, na hakukawia. Mara ya mwisho nilipokwenda hospitali hakuwa na pumzi ya maneno mengi. Alishika sikio lake, akaninyooshea kidole. Nikasema nakumbuka. Akafumba macho akatabasamu. Maganga alilia njia nzima ya kurudi, waziwazi, mwanaume mzima kwenye ngazi za mji, na wapita njia wakampisha.

Siku ya mazishi nilikuwa na hofu ambayo sijawahi kuwa nayo tena. Makaburi yako mlimani, njia nyembamba katikati ya miti mirefu. Walikuja watu wa jengo, vikongwe wachache wenye hereni kama zake, padri, na mkufunzi wetu aliyetukumbusha mlangoni kwamba sisi ni wageni wa serikali na vyeti bado havijatoka. Barba Frane alisimama nyuma kabisa. Kila kitu kilikwenda kama Nona alivyotabiri: adabu, ukimya, viatu kwenye kokoto. Maganga alikuwa mmoja wa wabebaji. Mimi nilitangulia pembeni, najiambia Kondo, hawa hawatakuelewa, watakurudisha nyumbani bila cheti, waache wamzike mtu wao. Nusu ya njia Maganga alinitazama kutoka chini ya jeneza, akasema kwa sauti, kwa Kiswahili, "We Mzaramo, unangoja nini? Mzigo mzito huu."

Nikalala chali katikati ya njia. Suti yenyewe ya kuazima. "Hapiti mtu!" nikapiga kelele kwa lugha yao yote niliyokuwa nayo. "Huyu bibi anaondoka na kichwa changu! Amekivaa masikioni miaka yote, hajanilipa, sasa anataka kukizika! Hapiti mtu hapa mpaka kichwa changu kirudi!" Padri akasimama, mdomo wazi. Kikongwe mmoja akafanya ishara ya msalaba. Mtu akasema, "Amelewa," na mkufunzi wetu akaanza kuja kwangu, uso umeiva kama pilipili. Niliwaona juu yangu, miti, mbingu, uso ule unaokuja, na hakuna aliyecheka. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba utani ni kazi ya watu wawili. Asipopatikana wa kukujibu, wewe ni mwendawazimu uliyelala njiani.

Akaja Barba Frane. Alimweka mkufunzi kando kwa kiganja kimoja. "Mwache. Hajalewa. Hivi ndivyo tunavyofanya sisi kule juu, ila yeye hana kengele." Kisha akaligeukia jeneza, akavua kofia, na akaanza kusema kwa Kiitalia cha mji, lugha ya Nona, lugha ambayo hatukuwahi kumsikia akiitamka. Kumbe aliijua. Mtoto wa ng'ambo ya daraja, aliyevuka kila asubuhi kuuza maziwa, angekosaje kuijua? "Hata mimi nina madai," akasema, na sauti ikapanda. "Ersilia! Ukuta mmoja, ngazi moja, miaka yote hii! Sahani zako nimerudisha zote, nimeziosha, nimezijaza samaki. Kikombe cha kahawa je? Harufu tu, harufu tu chini ya mlango! Bahili we, bahili mkubwa, hata kufa umekufa bila kunikaribisha!" Akashindwa kuendelea. Mmoja wa vikongwe akatoa kicheko kidogo, akajiziba mdomo, kikatoka tena. Mwenzake akamdaka, na wakawa wanacheka na kulia wameshikana mabega, wakisema kwa lugha ileile, kweli, kweli, bahili wa kahawa. Padri alitazama viatu vyake mabega yakitikisika. Barba Frane akaniinamia. "Kijana, mwachie hicho kichwa. Huko aendako hana mtu wa kumchekesha." Nikainuka, nikapisha, na Nona akapita.

Jioni ile Barba Frane alitukaribisha kwake kwa mara ya kwanza, tukanywa kahawa. Viti vya dada yake Nona vilikuwa palepale, vimepangwa ukutani, vimefunikwa shuka nyeupe. Yeye mwenyewe alikuwa na kigoda cha mbao za boksi karibu na dirisha. Tulipomuuliza, alisema hakuweza kuvikalia. Maganga akaweka kikombe chini, akaenda kusimama koridoni muda mrefu. Mimi nilibaki nimekaa sakafuni, na hasira ilinipanda juu ya vita vyao, mipaka yao na wote waliovuka daraja lile wakiwa na bunduki.

Hayo yote niliyabeba kwenda Sofu. Niliingia uwanjani kwa Maganga nikakuta maturubai meupe, viti vya plastiki, vipaza sauti, na vijana waliovaa fulana zenye picha yake. Vero alinipokea akaniamkia, akanishika mikono, akaniketisha mbele na wazee, Wazaramo wenzangu wakiwemo. Hakurudia ombi lake, alinitazama tu. Nilimpenda mtoto huyu tangu anatambaa, na sikutaka kumwaibisha mbele ya watu wa ofisini kwake. Kila kitu kilikwenda kwa ratiba: wasifu, salamu, kwaya. Vizuri, hakuna cha kulaumu. Tukafika makaburini, jeneza likabebwa na vijana sita wenye miwani ya jua, na nikasikia ule ukimya. Niliujua. Ukimya wa viatu kwenye kokoto.

Magoti yangu hayaruhusu tena kulala chali. Kwa hiyo nilinyakua kiti cha plastiki, nikakiburuza hadi katikati ya njia, nikakaa, nikapanga kanzu yangu vizuri. "Hapiti mtu." Vijana wa jeneza wakasimama. Mmoja akamwuliza mwenzake, "Huyu mzee vipi?" MC akashika kipaza sauti kwa unyenyekevu mkubwa: "Mzee wetu, tunaomba utupishe, muda si rafiki." Nikasema muda hajawahi kuwa rafiki, na mimi simzungumzii muda, namzungumzia Mnyamwezi huyu. "Amekula ugali wangu Ulaya mwaka mzima, akikata kwa uzi, vipande vikubwa! Ameniibia usingizi kwa kukoroma kwake, na bado ninamdai! Leo anatoroka? Arudishe!" Watu walitazamana. Walitazama chini. Wa ofisini wakatazama simu. Ikawa kama siku ile njiani Rijeka, na hapa hapakuwa na Barba Frane. Nikamtafuta Vero kwa macho. Alikuwa amesimama nyuma ya jeneza na kitambaa mdomoni, na sikuweza kusoma uso wake.

Akashusha kitambaa. Akavua miwani. Akapita pembeni ya jeneza, akaja akasimama mbele yangu, mikono kiunoni, kama baba yake kabisa siku ile akiwa na masizi ya kiazi mdomoni.

"We Mzaramo," akasema, na sauti ilifika hadi barabarani. "Ondoka njiani na kiti chako. Baba yangu alikubeba kwenda, akakubeba kurudi, na leo anazikwa bado umekaa tu unangoja kubebwa?"

Kicheko kilianzia kwa wazee wa Kizaramo nyuma yangu, kikapita kwenye fulana, kikawafikia hata wenye miwani ya jua, jeneza likayumba, wakalishika. Vero alikuwa anacheka na machozi yanamshuka shingoni. Mimi nililia bila kujificha. Nilijaribu kusimama, magoti yakakataa, akaninyanyua yeye kwa kwapa, akakisukuma kiti kando kwa mguu.

Nikawapisha wale vijana. "Pitisheni," nikawaambia. "Ila mbebeni taratibu. Huyu hajazoea kubebwa."